Bakteria hula, virusi havili

Mkojo uliochukuliwa saa moja asubuhi kwenye kituo cha afya cha shamba na kufika maabara saa sita mchana bila barafu huwa umeshaharibika kabla chupa haijafunguliwa. Kwa macho hauna kasoro. Rangi ni ile ile, kifuniko kimekaza, jina na tarehe vimeandikwa. Ukipandwa kwenye sahani ya kuoteshea na kuachwa usiku kucha katika nyuzi 37, asubuhi sahani imejaa makoloni, yaani vituta vya bakteria waliozaliana, na mtu ambaye pengine hana ugonjwa wowote anaandikiwa dawa ya njia ya mkojo. Bakteria wachache waliotoka kwenye ngozi wakati wa kukojoa walikuta maji, chakula na joto la kupita nyuzi 30, wakazaliana njiani humo humo ndani ya gari la shamba.

Sampuli ya pua inayotafutwa virusi, ikicheleweshwa vivyo hivyo, hupatwa na kinyume chake. Virusi vilivyomo haviongezeki hata kimoja. Hupungua tu na kuvunjika, kisha jibu linatoka kwamba havipo, kwa mtu ambaye anavyo na anaendelea kuambukiza nyumba nzima.

Sisi tuliofanya kazi miaka mingi kwenye meza za maabara za Unguja na Pemba tumejifunza kwamba anayeishika tofauti hii moja hahitaji kukariri orodha ndefu za magonjwa. Bakteria hula, hukua na kuzaliana popote penye chakula. Virusi havili, havikui, na nje ya seli iliyo hai havizaliani kabisa. Kutokana na hapo mtu anaweza kujua chakula kipi cha kutupa, dawa ipi ya kuacha dukani, sampuli ipi ya kuweka kwenye barafu, na wapi sabuni haitoshi.

Bakteria ni seli moja iliyojitosheleza. Ana ukuta kwa nje, utando chini yake, DNA, yaani maelekezo yake ya urithi, iliyojikunja ndani, na maelfu ya ribosomu za kutengenezea protini. Wengi wana urefu wa maikromita 1 hadi 5. E. coli anayekaa matumboni mwetu ana maikromita 2 hivi, kwa hiyo 500 wakijipanga mstari mmoja wanaijaza milimita moja tu. Kirusi si seli. Ni kipande cha DNA au cha ndugu yake RNA kilichomo ndani ya ganda la protini, na baadhi vina koti la mafuta juu ya ganda hilo. Hakina ribosomu wala uwezo wa kupata nguvu kutoka kwenye sukari. Kinajibandika kwenye seli yenye kipokezi kinachokifaa, kinaingiza maelekezo yake, na seli hiyo inaacha kazi zake ikaanza kutengeneza virusi. Ndiyo maana kila kirusi kina mahali pake: cha homa ya ini aina ya B hufuata seli za ini, VVU hufuata chembe nyeupe za damu zenye kipokezi kiitwacho CD4, cha rota hufuata seli za utumbo mwembamba, cha kichaa cha mbwa husafiri ndani ya mishipa ya fahamu.

Kuhusu ukubwa, kirusi cha polio kina nanomita 30 hivi na VVU kina kama 120. Hadubini ya kawaida iliyopo vituoni haiwezi kutenganisha vitu vilivyo chini ya nanomita 200. Mgonjwa akiambiwa kwamba virusi vyake "vimeonekana kwenye hadubini" ya kituo, ajue kuna lililoelezwa vibaya. Kilichoonekana huenda ni bakteria au kimelea cha malaria, ambacho si bakteria wala kirusi.

Sasa tuje kwenye sufuria, kwa sababu huko ndiko kula kwa bakteria kunakotuumiza zaidi. E. coli akipata mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20. Mmoja tu, kwa muda wa saa 7, amejigawa mara 21, na jumla imepita milioni mbili. Pilau au wali wa shughuli uliopikwa alfajiri, ukafunikwa ndani ya sufuria kubwa na kuliwa alasiri, umepitia saa zote hizo. Watu husema "si ulichemka?" Ulichemka, lakini kuna bakteria wa udongoni na kwenye nafaka, Bacillus cereus, ambaye hutengeneza vijimbegu vyenye ganda gumu visivyokufa kwa kuchemsha. Wali ukianza kupoa polepole, vijimbegu huamka, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Kuupasha wali upya huua bakteria na kuiacha sumu pale pale. Anayetapika ndani ya muda wa saa 1 hadi 6 baada ya kula hakuambukizwa na jirani wa meza. Amekula sumu iliyokuwa tayari imeshatengenezwa.

Vivyo hivyo kwa Staphylococcus aureus anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono. Mpishi mwenye jipu au kidonda cha kisu kidoleni akichambua nyama iliyopikwa, anaiachia bakteria, na joto la mchana linafanya yaliyobaki. Sumu yake nayo hustahimili kuchemshwa. Kwa hiyo mwenye kidonda mkononi apewe kazi ya kuni na maji, nyama iliyoiva aguse mwingine.

Kinachosaidia ni kuufupisha muda ambao chakula kinabaki vuguvugu. Chakula kikae juu ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, au kipoozwe haraka. Kukipooza haraka maana yake ni kukitandaza kwenye masinia kwa kina kisichozidi sentimita 5, kiache kutoa moshi, kisha kiingie frijini ndani ya saa 2, na siku za joto la Februari ndani ya saa 1. Sufuria zima la wali likiingizwa frijini likiwa la moto, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi hata kama pembeni kumepoa, na vyakula vingine vilivyomo hupata joto. Kosa la kukiacha chakula vuguvugu tunaliona sana mwezi wa Ramadhani, futari inapobakizwa mezani mpaka daku.

Samaki ana habari yake. Jodari, vibua na jamaa zao wana kwa wingi nyamani asidi amino iitwayo histidini. Samaki akikaa juani kwenye ngalawa au kwenye kapu bila barafu, bakteria waliokuwa kwenye matamvua na matumbo huigeuza histidini kuwa histamini. Mlaji hupata uso mwekundu, kichwa kugonga, mwili kuwasha na moyo kwenda mbio, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Wengi hujihesabu kwamba wana mzio wa samaki na kuacha kumla maisha yao yote, ilhali siku ile samaki alikuwa amecheleweshwa tu. Kukaanga hakuiondoi histamini, wala ndimu, wala tui. Na samaki huyo anaweza kuwa bado hajanuka. Kinachofaa ni kumtoa matumbo na matamvua mapema na kumlaza kwenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki katika hali yetu ya joto, barafu ikiwa chini, kati na juu.

Virusi kwenye chakula havifuati hesabu hii. Chaza na kombe walio karibu na maji machafu huchuja maji siku nzima na kukusanya virusi vya homa ya ini aina ya A. Idadi haiongezeki sahanini, lakini virusi vya matumbo havihitaji wingi: norovirusi chache, chini ya mia, zinatosha kumlaza mtu. Na barafu, inayowazuia bakteria kuzaliana, huvihifadhi virusi vizuri. Kwa hiyo friji haimsaidii mla kombe mbichi. Moto ndio unaomsaidia.

Dawa nazo zinahusiana na ukuta. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alipokuwa akifanya kazi Berlin, aligundua njia ya kupaka rangi ambayo mpaka leo ndiyo ya kwanza kufanywa maabara. Ute au usaha hupakwa mwembamba kwenye slaidi, ukakauka kwa hewa, slaidi ikapitishwa juu ya moto mara mbili tatu ili bakteria washike. Humwagiwa rangi ya zambarau, kristali violeti, kwa dakika 1, ikasuuzwa. Kisha iodini dakika 1, ikasuuzwa. Kisha alkoholi kwa sekunde chache, mpaka inayotiririka iwe haina rangi, na kusuuzwa papo hapo. Mwisho safranini nyekundu kwa nusu dakika hadi dakika 1. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau, hao ni Gram chanya. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando mwingine wa nje huachia zambarau na kuchukua wekundu, hao ni Gram hasi.

Hatua ya alkoholi ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ikizidi, hata Gram chanya hupoteza rangi na kusomwa hasi. Ikipungua, wote wanaonekana zambarau. Mpako ukiwa mnene, sehemu moja ya slaidi inasema hivi na nyingine vile. Slaidi ikichomwa sana motoni, kuta hupasuka. Bakteria wa sahani iliyokaa siku kadhaa nao huwa na kuta zilizochoka, kwa hiyo tunapaka wa usiku mmoja. Na kila siku slaidi ya mgonjwa inapakwa pamoja na slaidi mbili tunazozijua, moja chanya na moja hasi. Zikitoka vibaya, ya mgonjwa hairipotiwi.

Amoksilini na ndugu zake wa penisilini huzuia ujenzi wa ukuta huo. Bakteria anayekua bila kuweza kujenga ukuta hupasuka. Doksisaiklini, azithromaisini na gentamaisini hukwamisha ribosomu za bakteria, ambazo zimetofautiana na zetu kiasi cha dawa kuzibagua. Siprofloksasini hukamata vimeng'enya vinavyokunja na kukunjua DNA yake. Ukipitia orodha nzima utaona kila dawa ina kiungo cha bakteria inachokishika. Sasa rudi kwenye kirusi cha mafua: ukuta hana, ribosomu hana, vimeng'enya hivyo hana. Kapsuli inapita mwilini bila kukuta cha kushika, isipokuwa bakteria wema wa utumboni, ambao hufa, na mtoto akaanza kuharisha juu ya mafua yake.

Si kwamba virusi havina dawa kabisa. Vidonge vya VVU vinavyotolewa sasa, vyenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia, vinafanya kazi kwa sababu VVU hubeba vimeng'enya vyake viwili ambavyo seli yetu haina matumizi navyo: kimoja kinachogeuza RNA kuwa DNA na kingine kinachoichomeka DNA hiyo ndani ya DNA yetu. Asaiklovia vilevile hutegemea kimeng'enya cha virusi vya mkanda wa jeshi na jamaa zake. Kila kirusi kinahitaji dawa yake, na vingi bado havina.

Kinachotuuma zaidi ni makamasi ya kijani. Mama akiyaona hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki, na muuzaji anampa. Rangi ile inatokana na kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana, na huja katika mafua ya virusi kama kawaida, siku ya tatu au ya nne. Haimwonyeshi bakteria. Linalostahili kumkimbiza mama ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hana kilio, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, nguo ikiwa imefunuliwa kifuani. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, huenda ni nimonia, na apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Hapo antibayotiki ina haki yake, kwa sababu surua na mafua makali huchubua njia ya hewa na bakteria wakaingia nyuma yake.

Kuna na kipimo cha Widali cha tafoidi. Kinatafuta kingamwili, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, au aliyepata maambukizi ya bakteria wanaofanana, anaweza kutoa jibu la juu leo akiwa na homa ya jambo jingine kabisa. Kipimo kimoja cha Widali hakitoshi kumwambia mtu ana tafoidi. Kinachomkamata bakteria ni kuotesha damu, na hapo kiasi ndicho kinachoamua: mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa chupa moja, kwa sababu katika tafoidi mililita moja ya damu inaweza kuwa na bakteria mmoja au asiwe naye hata huyo. Damu itoke kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Ngozi isuguliwe kwa spiriti ya asilimia 70 na iachwe ikauke yenyewe. Ikichomwa bado mbichi, au ikiguswa tena kwa kidole kutafuta mshipa, bakteria wa ngozi huingia chupani na kuota, na siku mbili zinapotea kuwafuatilia wasiohusika.

Akishaota, anapimwa dawa zipi zinamwua. Makoloni huyeyushwa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, kama bakteria milioni 150 kwa mililita, yakapakwa kwa pamba kwenye sahani ya agari ya Mueller-Hinton, lishe iliyoganda ya kuoteshea bakteria, vikawekwa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, na kuachwa nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Duara tupu kuzunguka kila karatasi hupimwa kwa milimita. Agari iwe na unene wa milimita 4. Ikiwa nene zaidi, dawa huzama chini, duara hupungua, na dawa nzuri ikaandikwa kuwa haifai. Vidonge vya karatasi vikitolewa kwenye friza na kufunguliwa hapo hapo, unyevu wa hewa ya Zanzibar hujikusanya juu yake na kuiharibu dawa. Kopo liachwe lipate joto la chumba kwanza, ndipo lifunguliwe.

Usugu hupanda kwa sababu bakteria hupeana vipande vidogo vya DNA, plasmidi, hata kati ya aina tofauti. E. coli wa tumboni ambaye hakumdhuru mtu anaweza kumpa mwenzake wa ugonjwa kipande chenye maelekezo ya kuvunja penisilini. Kwa hiyo kapsuli zilizoliwa bure wakati wa mafua huwachuja wale sugu matumboni, na hao ndio watakaokuwepo siku ya ugonjwa wa kweli.

Usafishaji nao unategemea umbile. Virusi vyenye koti la mafuta, kama vya mafua, korona, surua, VVU na homa ya ini B, hupoteza koti hilo kwa sabuni na visiweze tena kuingia kwenye seli. Vile visivyo na koti, kama rota, noro, polio na homa ya ini A, havina mafuta ya kuyeyushwa. Hapo sabuni kazi yake ni kuvitelezesha vitoke mkononi na maji, kwa hiyo kusugua na kusuuza kwa maji yanayotiririka ndiko kunakookoa, na jeli ya spiriti peke yake haitoshi baada ya kumtawaza mtoto anayeharisha. Juu ya sakafu na nguo, klorini. Jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, hutoa asilimia 0.5 inayofaa sakafu na ndoo zenye kinyesi au matapishi. Ikiwa ni unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita. Ya kunawia mikono wakati wa mlipuko ni asilimia 0.05, yaani kijiko kimoja cha chakula cha jiki hiyo, mililita 15, kwa lita moja ya maji. Futa uchafu kwanza, kwani kinyesi hula klorini kabla haijawafikia wadudu, kisha mimina na usubiri dakika 10. Maji haya yachanganywe kila siku upya na yakae kivulini, jua la saa chache huyamaliza nguvu. Na jiki isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kipindupindu kinastahili nafasi yake. Vibrio wake, yaani bakteria wanaokisababisha, huishi wenyewe katika maji ya chumvichumvi, bila binadamu. Aina zake kwa mujibu wa tabaka la nje zimepita 200, lakini milipuko hutokana na mbili tu, O1 na O139. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba maelekezo ya kutengeneza sumu ya kipindupindu si ya asili ya bakteria huyo. Yaliletwa na kirusi, kimoja kati ya vile vinavyoishi kwa kuwaingia bakteria, kikajichomeka ndani ya DNA yake na kubaki humo. Vibrio aliyekosa kirusi hicho hutembea majini bila kusababisha mlipuko. Dondakoo ni vivyo hivyo, sumu yake ni zawadi ya kirusi kwa bakteria. Viumbe hivi viwili tunavyovitenganisha kwenye vitabu vinakutana, na tunaougua ni sisi.

Sumu hiyo huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi, na maji yakaifuata, mpaka lita moja kwa saa kwa mgonjwa aliyezidiwa. Lakini mlango unaoingiza sukari pamoja na chumvi hauguswi na sumu. Ndiyo siri ya maji ya ORS, ya kumrudishia mgonjwa maji na chumvi alizopoteza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, pale pakiti inapokosekana. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji zaidi kuelekea utumboni na kuharisha kukaongezeka. Mtoto apewe na zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14.

Asidi ya tumbo huua vibrio wengi sana, kwa hiyo sharti waingie kwa mamilioni ndipo mtu augue. Ndiyo maana chakula kilichoguswa na maji machafu kisha kikakaa vuguvugu huweza kuwa hatari kuliko maji yenyewe. Visima navyo, upande wa maweni ambako chini ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, maji ya karo hayapiti kwenye udongo wa kuyachuja. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unaotajwa kwenye miongozo ni wa udongo. Juu ya maweni usitegemewe, na virusi, kwa udogo wake, huenda mbali kuliko bakteria. Maji ya kisima cha aina hiyo yatiwe klorini kila siku, ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, au yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika nzima. Mwaka 2009 wakaazi wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu, dozi mbili, na ufuatiliaji uliofuata ulionyesha kinga ya asilimia 79 kwa waliokamilisha. Chanjo hiyo haikuondoa haja ya maji safi, lakini inaonyesha kinachowezekana hapa hapa kwetu.

Sampuli ya kinyesi cha anayeshukiwa kuwa na kipindupindu hutiwa kwenye Cary-Blair, majimaji mazito yasiyo na lishe ya kutosha kuwaacha bakteria wazaliane, lakini yanayowaweka hai. Kwa kutafuta vibrio haihitaji barafu, huweza kukaa kwenye joto la chumba ikielekea maabara. Hupitishwa kwenye maji ya lishe yaitwayo peptoni, yenye ualkali wa pH 8.5, kwa saa 6 hadi 8, kisha kwenye sahani ya agari iitwayo TCBS, ambako vibrio wa kipindupindu hutoa makoloni ya manjano baada ya usiku mmoja. Ya virusi ni kinyume: kijiti chenye ncha ya polyester, kisiwe cha mbao, ndani ya majimaji ya kusafirishia virusi, nyuzi 2 hadi 8, kwa siku zisizozidi 3. Majimaji hayo yametiwa antibayotiki kwa makusudi ili bakteria wasijazane. Kila mara tunapokea usaha au ute wa koo uliotiwa humo kwa sababu chupa nyingine zimekwisha. Sampuli hiyo haioteshi tena chochote, na inabidi mgonjwa aitwe upya.

Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kinabeba mambo yote mawili. Ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, vikiwa unga mkavu. Vikishatiwa maji yake huanza kufa kwa joto na mwanga, na kwa kuwa chanjo hiyo haina kihifadhi, bakteria mmoja akiingia na sindano atakuta pa kuzaliana. Maji ya kuchanganyia yawe ya kampuni ile ile ya chanjo na yamepozwa mapema. Saa ya kuchanganya iandikwe kwenye kichupa chenyewe, kichupa kikae kwenye sponji ya kasha la barafu, na ukipita muda wa saa 6, au kazi ya siku ikiisha kabla ya hapo, kitupwe, hata kama foleni ya watoto imebakia mmoja na ndani bado mna dozi. Kwa mtoto huyo kifunguliwe kipya.